Msiwapandishe jukwaani: jibu kwa msaidizi wa kisheria wa Kasulu

Swali: "Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kasulu, na kwa kibali naingia kambi ya Nyarugusu siku tatu kwa wiki. Kwenye kikundi chetu cha cherehani (tunazo tano, mbili mbovu) kuna mama wawili kutoka Kongo. Mmoja nyumba yao ilichomwa, mume wake na kaka yake wakauawa. Mwingine anatoka jamii ileile ya waliofanya hayo. Hawasalimiani. Wazee wao wanataka Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, tuwapandishe jukwaani washikane mikono, kwa sababu 'yaliyopita si ndwele, tugange yajayo'. Nimesikia habari za yule mama wa Ruyigi, Burundi, aliyelea watoto wa Kihutu na wa Kitutsi pamoja. Alifanyaje? Na mimi nifanyeje?"

Dada yangu, pole na kazi, na ahsante kwa kuuliza kabla tarehe haijafika. Wengi huniuliza ikishapita.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Msiwapandishe jukwaani. Mwaka huu hapana, na miaka ijayo pia hapana, mpaka siku wao wenyewe watakapokuja kuomba. Mkono unaotolewa mbele ya mgeni rasmi, wapiga picha na kipaza sauti hauna hiari. Yule mama akikataa, kambi nzima itasema ndiye mwenye roho mbaya. Akikubali, atashuka na hasira mbili: ya siku aliyopoteza watu wake, na ya siku mliyomtaka atabasamu juu ya makaburi yao. Na huyu mwingine mtakuwa mmemtangaza mbele ya umati kwamba ana jambo la kuombea radhi, wakati hakuna aliyewahi kumuuliza siku ile ya moto alikuwa wapi.

Methali ya wazee naiheshimu. Nimewahi kumsikia mjane akijiambia "yaliyopita si ndwele" huku akipanga upya genge lake la dagaa na mawese, na maneno yale yalimpa nguvu. Alikuwa anajiambia mwenyewe. Methali hiyohiyo ikitoka kwa mtu ambaye hakuzika, inageuka kuwa amri ya kunyamaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiyo nayo ni methali, na wazee wako wanaijua vizuri tu.

Sasa kuhusu mama wa Ruyigi. Jina lake ni Marguerite Barankitse, na watu humwita Maggy. Mji wa Ruyigi uko mashariki ya Burundi, upande unaotazamana na Kibondo yetu. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, na nchi ikawaka. Sisi wa umri wangu tunakumbuka misururu ya watu wakivuka mpaka na magodoro vichwani. Jumapili ya tarehe 24, Wahutu waliokuwa wamekimbilia nyumba ya askofu pale Ruyigi, alipokuwa akifanya kazi Maggy, walivamiwa na Watutsi wenye silaha. Maggy mwenyewe ni Mtutsi. Aliwakatalia. Walimvua nguo, wakamfunga kwenye kiti na kuua watu 72 mbele ya macho yake. Kwa kutoa fedha aliwanusuru watoto 25. Nyumbani kwake alikuwa tayari akilea watoto saba, Wahutu na Watutsi.

Angalia alichofanya baada ya hapo, maana jibu lako limo humo. Aliwazika wafu. Akawatafutia watoto chakula, nguo na mahali pa kulala. Watoto walipozidi kuongezeka, wengine wakirejea kutoka kambi za huku kwetu Tanzania, alianzisha shirika akaliita Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Hakutaka wakulie kwenye mabweni makubwa ya yatima. Aliwapanga katika nyumba ndogondogo, wakiishi kama ndugu wa tumbo moja, na palipokuwa na shangazi, mjomba au kiwanja cha marehemu baba, alijitahidi mtoto arudi hukohuko, hata kama ni kwa kumjengea kibanda kwenye ardhi ya wazazi wake. Pakawa na karakana za kujifunza kazi. Mwaka 2008 ikafunguliwa hospitali, REMA, iliyowajali zaidi mama na mtoto. Palikuwa hata na ukumbi wa sinema na bwawa la kuogelea. Niliposikia habari za bwawa kwa mara ya kwanza nilishangaa, nikidhani ni anasa. Baadaye nilielewa. Watoto waliojua mji ule kwa damu tu walihitaji kuujua pia kwa vicheko.

Unaona mpangilio wake? Kaburi, chungu cha chakula, kitanda, shule, ardhi, hospitali, mchezo. Watoto wa Kihutu na wa Kitutsi walizoeana kwa kugawana sahani na kugombania blanketi. Amani ilikuja ikiwa imebebwa na mambo hayo ya kila siku. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilimpa tuzo ya Nansen mwaka 2005, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya Aurora. Wakati huo alikuwa mkimbizi yeye mwenyewe. Mwaka 2015 alipinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, akalazimika kukimbia, na kazi yake ndani ya Burundi ikafungwa. Alianza upya Rwanda, kati ya Warundi wenzake wa Kigali na wa kambi ya Mahama.

Kwa kuwa mama zako wawili wanatoka Kongo, nikupe na mfano wa pili, wa ng'ambo ya ziwa. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Hospitali ya Lemera alikokuwa akifanya kazi ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia kuwazalisha wajawazito. Mgonjwa wake wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kutokana na wagonjwa wa namna hiyo, Panzi ilijifunza kumhudumia mtu kwa nguzo nne zinazokwenda pamoja: matibabu ya mwili, tiba ya moyo na akili, msaada wa kisheria, na kumwezesha aishi kwa jasho lake. Ukiondoa moja, nyingine tatu zinayumba. Mwanamke aliyepona jeraha lakini hana pa kulala anarudi kwa yuleyule aliyemwumiza. Aliyeshinda kesi lakini hapati usingizi hawezi kulima. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Mukwege na mlinzi wake akauawa. Daktari akaenda Ulaya. Wanawake aliowatibu, maskini kabisa, wakauza mananasi na vitunguu ili kumchangia nauli ya kurudi, na Januari 2013 akarudi. Nobel ya Amani ya mwaka 2018, aliyogawana na Nadia Murad, ndiyo dunia inayoikumbuka. Mimi nayakumbuka zaidi mananasi yale.

Sasa turudi Nyarugusu, kwa mama yule aliyefiwa.

Usianze kwa kumtaka asimulie. Nitakueleza kwa nini, kwa kosa ambalo nami nimo. Mei 2015 Warundi walimiminika Kagunga, kile kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini. Wengi walipitia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Pale uwanjani nilimwona mama mmoja akihojiwa na watu watano kwa siku mbili, kila mmoja na fomu yake, na mimi nilikuwa wa nne. Wa tano alipofika, mama alimfunga mtoto mgongoni, akageukia ukuta, asitamke neno tena. Kila fomu ilikuwa na sababu yake. Yeye alilazimika kuzika watu wake mara nne.

Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha aliyepatwa na balaa kikao kimoja ili atapike yote. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa mwaka 2011, unasimama juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama, kama analala, kama anakula, kama kuna anayemtisha. Sikiliza anachotaka kusema leo, hata kikiwa ni habari ya sabuni. Halafu umuunganishe na huduma anayoihitaji, na umsindikize mpaka mlangoni. Kumwelekeza tu hakutoshi, kwa sababu mtu aliyevunjika moyo hukata tamaa kwenye foleni ya kwanza.

Na sikiliza Kiswahili chake. Hili watu wa Kasulu hulipuuza kwa kuwa tunadhani lugha ni moja. Mama wa Kongo akikuambia "walinishika kwa nguvu", usiandike kwamba alikamatwa. Mara nyingi anakuambia alibakwa. "Waliniharibu" au "walinitendea vibaya" vinaweza kubeba mzigo uleule. Usimlazimishe atumie neno lako. Uliza taratibu kama angependa kuonana na muuguzi, wa kike ikiwezekana. Kama tukio ni la juzi, tuseme alikuwa porini akitafuta kuni, saa zinahesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Atibiwe kwanza. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi vifuate, na wewe ukiwa kando yake.

Hapo utakutana tena na wazee. Warundi wana heshima kubwa kwa bashingantahe wao, yaani wazee wasuluhishi wa jadi, na jamii za Kongo nazo zina mabaraza yake. Kwenye magomvi ya mipaka ya bustani, madeni na matusi, waheshimu na uwaachie, maana wanaijua kazi hiyo kuliko wewe. Lakini kubaka ni jinai. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na hakuna mbuzi wala vitenge vinavyoweza kuigeuza iwe mazungumzo ya ukoo. Waambie hivyo kwa adabu, ukiwa umeketi, ila usilegeze hata neno moja.

Kuhusu mauaji ya mume na kaka yake, umweleze ukweli. Mahakama ya Kasulu haitamfikia aliyefanya. Usimwahidi kesi. Lakini usimwambie kwamba ushahidi wake hauna kazi, maana una kazi. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya uhalifu mkubwa uliotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ikiorodhesha matukio 617. Ilitokana na nyaraka na watu waliokubali kusema kile walichokiona. Mukwege amekuwa akiishika ripoti hiyo mkononi kila anapodai mahakama ya kuwashtaki wahusika. Haki huchelewa katika eneo letu. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliosimamiwa na Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake na Mandela, uliahidi Burundi tume ya ukweli, na sheria ya tume hiyo ikapitishwa mwaka 2014. Miaka 14! Waliokuwa wameandika mapema ndio waliokuwa na cha kupeleka.

Kwa hiyo akitaka kuandika, mwandike. Mara moja, na mtu mmoja anayemwamini, baada ya kumweleza maelezo yatakaa wapi, nani atayasoma, na kwamba anaweza kuyafuta kesho. Jina likae kwenye daftari moja, kisa kikae kwenye jingine, na alama ya kuunganisha uijue wewe na msimamizi wako tu. Usipige picha kwa simu. Usitume kwenye kundi la WhatsApp hata kama ni la viongozi watupu. Ninasisitiza kwa sababu kuandika kuna hatari zake. Pierre Claver Mbonimpa wa Burundi, polisi wa zamani aliyefungwa katika miaka ya 90 na baadaye akaanzisha shirika la kutetea wafungwa, alipigwa risasi Bujumbura tarehe 3 Agosti 2015. Alinusurika. Mkwe wake na mwanawe waliuawa kabla mwaka huo haujaisha. Wewe huna adui wa namna hiyo, lakini mama huyu huenda ana ndugu waliobaki kule, na kambini habari husafiri haraka kuliko gari la mgawo.

Wengi wetu huishia hapo na kumsahau yule mama wa pili. Usimsahau. Hatia ya jinai ni ya mtu aliyetenda, haipiti kwenye damu kama rangi ya macho. Huenda naye alikimbia walewale waliochoma, au wengine waliowachoma watu wake kwa kulipiza kisasi. Kongo ya mashariki ina visa hivyo vya pande zote. Mpe kikao chake, saa yake, na daftari lenye siri ileile. Usimuulize "watu wako walifanya nini". Muulize alivyofika Kigoma. Na usimtume, hata kwa nia njema, akaombe radhi kwa niaba ya kabila. Radhi ya namna hiyo humdhalilisha anayeitoa na haimfikii anayestahili kuipata, kwa sababu aliyekosa hayupo hapo.

Kama aliyefiwa anashtuka kila akisikia lafudhi ya mwenzake, usimwite mkabila. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mpe kiti mbali kidogo, karibu na mlango, na usitoe hotuba juu yake.

Ngoja niguse kuni kwa ufupi, ingawa hukuuliza. Ugomvi kati ya wakimbizi na wanavijiji wa Makere na majirani zao unalisha uhasama wa ndani ya kambi, kwa sababu mama aliyepigwa porini anarudi akitafuta wa kumlaumu. Wewe ni mtu wa pande zote mbili. Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani, na Mkongo mnakutana kwenye Kiswahili. Ukipata nafasi ya kuwakalisha wanawake wa kijijini na wa kambini wazungumzie njia ya kuni, saa ya kwenda na idadi ya kwenda pamoja, utakuwa umezuia mambo ambayo hakuna PF3 inayoweza kuyafuta.

Sasa wazee na tarehe 20 Juni. Usiende kuwaambia "hapana" na kuondoka, kwa sababu wametaka jambo jema, wamekosea njia tu. Nenda na kitu mkononi. Waombe siku hiyo iwe ya kuwakumbuka waliokufa, wote, bila kutaja nani aliua nani. Dakika moja ya kunyamaza, kila mwenye kutaka aseme jina la mtu wake, asiyetaka akae kimya na asitazamwe. Kumbuka alichoanza nacho Maggy. Watu wengi wa Nyarugusu waliwaacha maiti wao barabarani, hawakupata hata dua wala misa. Mama yule akitaja jina la mume wake hadharani na mtu akaitikia, atakuwa amepata kitu ambacho mshikano wa mikono usingempa. Mwingine naye akitaja jina lake, kila mmoja atasikia kwamba naye alizika. Msipange wafuatane. Ikitokea, itokee yenyewe.

Mwisho ni kikundi. Kwenye barua yako uligusia kwamba mna cherehani tano na mbili ni mbovu, kwa hiyo wanawake wanasubiriana. Tafuta fundi kabla ya kutafuta mshauri wa usuluhishi. Kisha gawanyeni kazi kulingana na mikono: mmoja akate, mwingine ashone, wa tatu aweke vifungo. Sare za shule zinafaa, kwa kuwa watoto wa kila jamii wanazivaa. Usiwapange hao wawili pamoja kwa makusudi, na usiwatenge kwa makusudi. Watahitajiana kwenye mkasi, kwenye uzi, kwenye "hebu nishikie hapa". Kikundi kikiwa na mfuko wa kuweka na kukopa, watie saini kwenye daftari moja la hesabu, kwa utaratibu ule wa kawaida wa zamu.

Niandikie mwezi Julai unieleze ilivyokwenda. Kama mama yule hatakuja tarehe 20, mpelekee chai nyumbani kwake siku hiyo na usimuulize kwa nini.